Wakwe wa Ujerumani

Kwa wiki tatu mfululizo Sifaeli alikuwa Mjerumani, asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya kukamua ng'ombe. Hakuwa ameomba. Yeye ni mkulima wa kahawa na migomba wa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mzee wa miaka sabini na minne aliyefiwa na mkewe miaka mitano iliyopita, na Ujerumani alikuwa akiijua kwa mambo mawili tu: wamisionari ambao babu yake alikuwa akisimulia habari zao, na magari. Lakini kitindamimba wake, Ndesanjo, alikuwa akijiandaa kwa usaili wa kazi ya kutunza wazee nchini humo, na alihitaji mzee wa kufanyia mazoezi. Pale nyumbani mzee alikuwa mmoja.

"Lala, baba," Ndesanjo alimwambia. "Lala chali. Leo huna nguvu."

"Nguvu ninazo. Nimetoka kukata majani ya ng'ombe sasa hivi."

"Ni yule Mjerumani ndiye hana."

Basi Sifaeli akalala. Ndesanjo akatoka, akabisha hodi kwenye mlango ambao tangu nyumba ijengwe haujawahi kufungika sawasawa, akaingia akitabasamu na kumsalimia baba yake kwa Kijerumani: "Guten Morgen, Herr Sifaeli." Akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Akamgeuza ubavu huu, akamgeuza ubavu ule, kisha akamlisha uji kwa kijiko huku akimsemesha maneno marefu yenye kukwaruza. Mzee mzima, baba wa watoto watatu, analishwa uji na mikono yake miwili iko juu ya blanketi, haina hata mchubuko! Siku ya kwanza aliona aibu hata akafumba macho. Siku ya nne akajikuta anaungoja ule uji. Hilo nalo likamvuruga, maana hakujua mtu mzima anaanzaje kupenda kitu cha namna hiyo.

Kila mara lilikuwepo swali moja. Ndesanjo aliinama, akamtazama usoni, akamuuliza kwa Kijerumani anaumwa wapi. Mara ya kwanza Sifaeli alipunga mkono kuonyesha mwili wote.

"Hapana, baba. Chagua mahali. Hakuna mgonjwa anayeumwa kila mahali."

Sifaeli akafikiri kidogo, akaweka kidole kwenye nyonga ya kushoto.

Aliona amefanya ujanja mkubwa, kwa sababu nyonga ile ilikuwa inamuuma kweli. Mwezi wa tatu, mvua zilipokolea, aliteleza kwenye njia ya mteremko karibu na mfereji akiwa na mzigo wa majani begani. Alikaa kwenye tope muda mrefu akisubiri kuona kama ataweza kusimama. Alisimama, na hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo akienda shambani hushikilia mti mmoja mpaka mwingine, na anayemkuta huambiwa mzee anakagua wadudu kwenye kahawa. Sasa ametakiwa abuni ugonjwa, ajisumbue kubuni wa nini wakati anao wake? Akawa anaonyesha nyonga kila siku, anakunja uso vizuri kabisa, na Ndesanjo anamsifu kwamba anaigiza utadhani amesomea.

Kilichomshinda Sifaeli ni kuielewa hiyo nchi. Jioni moja walikuwa shambani, kahawa za kwanza zimeanza kuwa nyekundu, naye akauliza kwa mara ya kumi.

"Hao wazee hawakuzaa?"

"Walizaa, baba. Ila mmoja mmoja. Na wengine hawakuzaa kabisa."

"Na huyo mmoja yuko wapi?"

"Anafanya kazi."

"Kazi gani inayomzuia kumpa mama yake uji?"

Ndesanjo akacheka. "Nchi yao imezeeka, baba. Wanaostaafu ni wengi kuliko wanaoingia kazini. Wana kazi, hawana watu. Sisi tuna watu, hatuna kazi."

Sifaeli akautazama mkahawa uliokuwa mbele yake, matawi yameinama kwa uzito. Mwaka jana alitafuta wachumaji, wakaja wanne, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka hamsini na minane. Vijana walikuwa mjini, wengine bodaboda, wengine wamekaa tu na simu. "Na hii ni nini?" akauliza, akishika tawi. "Hii si kazi?"

"Ni kazi, baba. Ila si ajira."

Mzee akaenda kulala na hilo jibu, akaamka nalo, na hakuona mahali pa kulishika.

Ingekuwa Ndesanjo ni mtoto wa kwanza, maneno yangekuwa machache. Kwao wakubwa hugawiwa sehemu zao na kwenda zao. Allen yuko Dodoma, Philemoni yuko Mwanza, na hakuna anayewalaumu. Kitindamimba ndiye hubaki na nyumba ya baba, kihamba cha baba, yaani lile shamba la ukoo, na baba mwenyewe. Ndesanjo alilijua hilo tangu akiwa na miaka sita. Na kwa kuwa ni kijana mwenye heshima, akafanya jambo ambalo Sifaeli aliliona ni adhabu.

"Baba," alisema, "ukisema nibaki, nabaki. Wala sitanung'unika."

Afadhali angetoroka! Ukitorokwa na mtoto unalalamika, majirani wanakuhurumia, wachungaji wanakuja kukuombea, siku zinakwenda. Lakini kuachiwa uamuzi mkononi, na kijana mwenyewe amekaa anakusubiri kwa adabu zote, huo ni ukatili. Asubuhi Sifaeli aliamua mtoto abaki. Saa kumi jioni alimwona akipanda mlima kutoka zahanati alikokuwa akijitolea uuguzi, mwaka wa tatu huo, hana mshahara, viatu ni vilevile, akaamua aende. Baada ya chakula akakumbuka nyumba hii ikiwa kimya, akaamua abaki. Mpaka wiki ya usaili inafika alikuwa ameshaamua mara nyingi kiasi cha kutojua ni uamuzi upi ulikuwa wa mwisho.

Akashuka kwa dada yake. Tabea alikuwa na miaka sitini na tisa, mjane, na nyumba yake iko chini kidogo ya njia. Alimkuta uani akichambua maharage.

"Kaka, mbona unahangaika na jambo la kawaida?" Tabea alisema bila kuinua macho. "Mtu akimtaka mtoto wako anafanyaje?"

"Anakuja kuposa."

"Sasa?"

Sifaeli akakaa juu ya kigoda. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alikuwa na kitu anachokielewa. Posa aliijua. Alishakaa kwenye posa zisizopungua ishirini, kwa upande wa kuomba na kwa upande wa kuombwa. Kuna maswali yake, kuna mpangilio wake, na mwisho wake kuna pombe iliyoletwa na wanaochukua.

"Mimi mwenyewe uliniuliza wewe, umesahau?" Tabea aliendelea. "Baba alikuwa anaumwa, ukasimama badala yake. Pombe imewekwa katikati, watu kimya, ukaniita: Tabea, tuinywe? Kama ningesema tusiinywe, ungeirudisha."

"Ningeirudisha," Sifaeli alikubali. "Lakini hawa wataletaje pombe? Usaili wenyewe uko kwenye kompyuta."

"Hiyo ni shida yao. Wewe kavae koti."

Alhamisi ya usaili Ndesanjo alitoka chumbani na shati jeupe, akamkuta baba yake uani amevaa koti la harusi na kofia, na shangazi yake yuko pembeni na mkungu wa ndizi mshare uliofungwa kwa kamba.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa wakwe," Tabea akajibu.

Ndesanjo akaubeba ule mkungu. Kumzuia shangazi yake ni kazi ambayo hakuwahi kuiweza hata siku moja.

Ofisi ya wakala wa ajira ilikuwa Njiro, mjini Arusha, ndani ya nyumba iliyozungushiwa ukuta, geti linafunguka lenyewe. Mlinzi aliuangalia mkungu wa ndizi kwa muda, akauliza kama ni mzigo wa mtu, akajibiwa ni wa wakwe, akaamua kutouliza tena. Wakala aliitwa Ludovick, kijana wa suti iliyombana, na adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Karibuni sana, ila wazazi huwa wanasubiri hapa nje."

"Marahaba," Sifaeli akaitikia. "Ni posa gani hiyo mzazi anasubiri nje?"

Ludovick akamtazama Ndesanjo. Ndesanjo akatazama sakafu. Mwishowe wazee wakapewa viti viwili vya nyuma kwa sharti la kukaa kimya, na mbele ya kila mtu ikawekwa chupa ya maji baridi. Sifaeli alipoiona chupa alimgusa dada yake kwa kiwiko. Vinywaji wameleta. Akaiacha bila kuifungua, kama inavyotakiwa.

Kwenye skrini akatokea mama mmoja wa makamo, msimamizi wa nyumba ya wazee huko Ujerumani, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia kifuani. Alianza kuzungumza na Ndesanjo kwa Kijerumani, kisha akanyamaza katikati ya sentensi, akasogea karibu na kamera. Ludovick akajikuna shingo.

"Anauliza wale nyuma ni akina nani. Na zile ndizi."

"Mwambie ni baba wa mtoto," Sifaeli akasema, akasimama. Nyonga ilimchoma, akajishikilia kwenye kiti na kuvua kofia. "Mwambie posa yao tumeisikia, na kabla ya kujibu nina maswali matatu."

Ndesanjo alifunika uso kwa mikono. Ludovick alitafsiri akiwa anatoka jasho. Yule mama alicheka, lakini hakucheka kwa dharau, akasema baba aulize.

"La kwanza. Watoto wenu wako wapi?"

Mama akafikiri. Akasema ana binti mmoja, na yuko Kanada. Anafanya kazi hospitali huko, kwa kuwa Kanada nao wamezeeka.

Sifaeli akageuka kumtazama Tabea, Tabea akampandishia mabega. Walikuwa wamejiandaa kusikia wakwe wana watoto wavivu. Hawakujiandaa kusikia kwamba nao wanachukuliwa watoto.

"La pili. Huko kwenu, katika hiyo nyumba ya wazee, atakuwa na nani wa kwao?"

Mama akasema wazee ni thelathini na wawili kwenye ghorofa yake, wafanyakazi tisa, na katika hao tisa aliyezaliwa Ujerumani ni mmoja. Wengine wametoka Ufilipino, Moroko, Uturuki. Yeye mwenyewe alizaliwa Bosnia. Aliingia Ujerumani akiwa na miaka ishirini na mitatu na begi moja, na mama yake mzazi alizeeka kule kwao, akaogeshwa na jirani mpaka alipokufa. Yeye hakuwahi kuonana na huyo jirani.

Hapo Sifaeli alipotea kabisa. Alikuja kuzungumza na Wajerumani, na Mjerumani aliyeletewa si Mjerumani. Sasa nyumba ni ya nani, na anayeposa ni nani? Alisimama na kofia mkononi, akamwonea huruma yule mama, halafu akakasirika kwamba anamwonea huruma. Mkwe hatakiwi kuhurumiwa kabla mambo hayajaisha.

"La tatu," akasema, na sauti haikuwa ya posa tena. "Huyu ni wa mwisho. Mkimchukua, mahali pake atakaa nani?"

Ludovick alitafsiri. Mama akaishika miwani iliyoning'inia kifuani, akajibu.

"Anasema hajui, mzee."

Katika posa zote ishirini Sifaeli hakuwahi kusikia jibu hilo. Wakwe huwa wana jibu, hata kama ni la uongo. Huahidi, husema mtoto si wetu peke yetu, tutakuja, tutasaidiana. Huyu alisema hajui. Sifaeli akakaa chini, kofia magotini.

Mama akarudi kwa Ndesanjo, akamuuliza swali la kazi. Ludovick alikuwa ameshazoea kutafsiri, akaendelea bila kuombwa. "Anamwambia aeleze kuhusu mgonjwa mmoja aliyemhudumia." Kisha Ndesanjo akaanza kusema, polepole, na Ludovick akamfuata kwa sauti ya chini sikioni mwa mzee.

"Anasema ni mzee wa miaka sabini na minne. Anaishi mlimani. Alianguka mwezi wa tatu, na hakumwambia mtu. Anasema, mimi nilijua kwa sababu nguo alizofua mwenyewe siku hiyo zilibaki na madoa ya tope upande mmoja. Nikimuuliza kwa Kiswahili unaumwa, ananijibu sijambo. Nikimuuliza kwa Kimeru, sijambo. Nikimuuliza kwa Kijerumani, ananionyesha nyonga ya kushoto. Kwa hiyo kila siku namuuliza kwa Kijerumani. Namgeuza kwanza upande wa kulia. Naweka kitambaa cha moto pale anapoonyesha. Yeye anafikiri ni mazoezi."

Ndipo Ludovick alipomgeukia mzee. Ndiyo kwanza alitambua ni nani aliyekuwa akinong'onezwa.

Sifaeli alikuwa anatazama chupa ya maji. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Wiki tatu nzima amejiona mjanja! Tabea alimgeukia, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Uliniambia unakagua wadudu."

Mama kwenye skrini hakuhitaji tafsiri. Alivaa miwani yake, akasema kitu kifupi.

"Anasema kijana wamemkubali," Ludovick akasema. "Lakini anauliza, baba unasemaje? Anasema atalisikiliza neno lako."

Kila mtu akamtazama. Ndesanjo naye aligeuka, na macho yake yalikuwa na ile subira ya adabu ambayo ilikuwa imemtesa mzee miezi miwili. Abaki, moyo ukasema. Aende, moyo uleule ukasema. Ndipo mkono wa Sifaeli ukaishika ile chupa, naye akakumbuka kwamba kwenye posa si baba anayesema neno la mwisho. Huyo anayechukuliwa ndiye huulizwa.

Akainua chupa. "Ndesanjo," akasema. "Tuinywe?"

Kijana alielewa mara moja, na uso ukamharibika. Mzigo aliokuwa amemtwisha baba yake umerudi kwake mbele ya watu, kwa heshima ileile. Machozi yakamtoka, yakalowesha shati lake jeupe.

"Tuinywe, baba," Ndesanjo akasema mwishowe.

Sifaeli akafungua kizibo, akanywa. Maji yalikuwa baridi mno, yakamuuma meno. Akampa dada yake, naye akanywa, kisha mtoto. Hakujua kama amefanya vizuri. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia hajui. Ndizi waliziacha kwa Ludovick, maana yule mama alisema zipelekwe kwa yeyote mwenye watu nyumbani.

Ndesanjo aliondoka mwezi wa kumi, kahawa ikiwa imeiva mlima mzima. Wachumaji mwaka huu walikuwa watatu, kwa kuwa yule wa nne mgongo ulimkataza. Tabea alifunga nyumba yake ya chini na kupanda kukaa na kaka yake. Nani aliamua hivyo hakuna anayekumbuka. Alikuja siku moja na sufuria zake na hakuondoka.

Kila jioni alimuuliza, "Kaka, nyonga inasemaje?"

"Haisemi kitu."

"Wajerumani wote wanajua inakuuma, halafu mimi unanificha?"

"Sijambo, dada."

Wiki mbili zikapita hivyo. Simu ya Ndesanjo ikiingia, baba yake alisema sijambo, kijana akauliza kwa Kijerumani, na mtandao ukakatika palepale. Jioni moja Tabea akapekua masanduku yake, akatoa karatasi ambayo Ndesanjo alimwandikia kabla ya kuondoka, lile swali la unaumwa wapi, la Kijerumani kwa herufi za Kiswahili, kubwa, kwa sababu ya macho yake. Akavaa miwani. Akatoka nje, akabisha hodi kwenye mlango usiofungika, akaingia.

"Vo haben zi shmertsen, Her Sifaeli?"

Sifaeli alicheka hadi akakohoa. Halafu kicheko kikaisha. Akajilaza chali, akaweka kidole kwenye nyonga ya kushoto.

"Hapa," akasema. "Leo imezidi."

Tabea akachemsha maji, akakamua kitambaa, akamwekea pale alipoonyesha. Alipomaliza alishika ukingo wa kitanda ili ainuke, akashindwa mara ya kwanza, akajaribu tena. Sifaeli alimwona. Alikuwa amemwona akifanya hivyo kwa miaka. Mwanamke huyu alimuuguza mama yao, akamuuguza mumewe, na sasa yuko hapa, na Sifaeli hakukumbuka kama kuna siku mtu yeyote alimuuliza yeye.

Akanyoosha mkono, akachukua ile karatasi.

"Vo haben zi shmertsen, Frau Tabea?"

Tabea alitazama mlangoni kama kuna mtu anayesikia. Hapakuwa na mtu. Akakaa tena kitandani. Akaweka mkono kwenye goti la kulia, akauhamisha kwenye la kushoto, akaupeleka kiunoni, akaurudisha begani, kisha akauacha mapajani.

"Chagua mahali, dada," Sifaeli akamwambia.

"Sijui nianzie wapi, kaka," akasema Tabea.